Jibu: Maharage ya kuoka na nyama yamebaki magumu

Habari dada. Umesema uliyaloweka usiku kucha, ukachanganya na nyama ya kusaga, nyanya ya kopo na sukari guru, ukaoka saa tatu: juu yameungua, ndani bado magumu.

Kabla hujailaumu oveni, nyanya uliitia lini? Uchachu wake huzuia maharage kulainika, na yakikutana nayo yakiwa mabichi utaoka mpaka kesho. Mimi niliharibu kilo nzima hivyo hivyo, wageni wakaishia chai na mkate. Siku hizi nayachemsha kwanza peke yake hadi yabonyeke kwa vidole, ndipo nakaanga nyama na vitunguu, natia nyanya na sukari. Maji ya kuchemshia simwagi, nabakiza yanayotosha kuyafunika. Nafunika kwa foili, nyuzi 160, saa moja na nusu, kisha nafunua dakika 20 za mwisho yashike rangi.

Hayo uliyonayo usitupe. Toa yaliyoungua, ongeza maji, rudisha jikoni na magadi kiasi cha ncha ya kijiko. Ukizidisha utakula sabuni. Ila maharage yenyewe ulinunua lini? Yaliyokaa stoo miaka ni kichwa ngumu.