Gitaa la tano? Subiri kwanza mkuu, mimi nilifika saba

Mkuu umesema unayo magitaa manne, umeona la tano pale Kariakoo rangi ya maziwa, jamaa anataka laki sita na nusu na ameshakubali kukuwekea mpaka mwisho wa mwezi, unauliza uchukue au uache. Naona wengi wamekwambia chukua, maisha ndo haya haya. Mi naomba nikucheleweshe kidogo kabla hujatuma hiyo hela, maana hiyo njia nimeipita mpaka nikafika magitaa saba kwenye nyumba ya vyumba viwili, sa hivi nimebaki na matatu na ndo kwanza nayajua.

Nikwambie nilivyofika saba. Kila gitaa lilikuja na sababu yake nzuri kabisa. La kwanza Yamaha F310, lile galatoni, yaani gitaa kavu lisilo la umeme, ambalo nusu ya wapigaji wa kwaya hapa mjini wamejifunzia. La pili la umeme kwa sababu kanisani tulipata amplifaya. La tatu kwa sababu niliona jamaa mtandaoni analo. La nne kwa sababu la tatu lilikuwa halikai na tyuni, naliweka sawa wimbo ukifika katikati limeshahama. La tano na la sita nilikuwa nimeanza kupiga kwenye sherehe za watu Jumamosi, nikajiambia hii sasa ni kazi, mtu wa kazi anahitaji vifaa. La saba sikumbuki sababu, nadhani ilikuwa mshahara tu umeingia.

Na kila likiingia jipya nilikuwa napiga sana wiki mbili. Yaani sikudanganyi, wiki mbili nalala saa saba usiku. Wiki ya tatu narudi kwenye mapigo yangu yale yale ya siku zote, kodi (chords) zile zile nne, na mkono unaanza tena kuwasha, nafungua simu naangalia matangazo ya wauzaji.

Kilichonizindua ni mdogo wangu. Alikuja likizo, amekaa kwenye kochi ananisikiliza najisifia hili linalia hivi hili linalia vile, akasema kaka mbona yote sawa tu. Nikakasirika aisee. Tukawekeana chipsi kuku, nikatoa yote saba, yale ya umeme amplifaya moja, kebo moja, vitufe vya sauti na toni sikugusa, nikapiga mpangilio ule ule mmoja kwa kila gitaa, yeye anarekodi kwa simu. Halafu akanigeuza mgongo akawa ananichezea rekodi kwa kuchanganya nitaje ni gitaa gani. Saba yote, nilipata mawili. Na moja kati ya hayo mawili ni galatoni, hilo hata kipofu wa masikio angelijua.

Mbaya zaidi aliniambia nichague linalolia vizuri kuliko yote. Nikachagua bila wasiwasi, nikasema hili hapa, hili ndo lile la laki nane. Kumbe ni la kijani, la bei ya chini kabisa, ambalo nilikuwa nalisukumia uvunguni na ndo nililomuazima kijana mmoja wa kwaya miezi minne, karudisha juzi yake tu.

Nikalishika nione kuna nini. Hakuna uchawi. Kijana wa watu alikuwa ameweka nyuzi mpya kabla ya kurudisha, kwa heshima tu, na ameweka 011 badala ya zile 009 nilizokuwa natumia mimi (hizo namba ni unene wa uzi, 011 ni nene zaidi). Basi. Magitaa yangu mengine yote yalikuwa na nyuzi za zaidi ya mwaka, na wewe unaijua hii pwani, jasho na hewa ya chumvi, ukipitisha kidole juu ya uzi kinatoka cheusi. Yaani nilikuwa nanunua magitaa kwa malaki ili nisikie sauti ya nyuzi mpya ambazo seti yake haifiki elfu thelathini. Maana ndo hivyo, gitaa likitoka dukani si linakuja na nyuzi mpya? Ile wiki mbili ya mapenzi ilikuwa ni nyuzi!

Kuanzia hapo nikajiwekea utaratibu, kila wikiendi gitaa moja, sigusi jingine. Nakuelekeza nilichofanya ili na wewe ufanye na hayo manne yako kabla ya mwisho wa mwezi.

Nyuzi zote nje. Hapo futa ubao wa vidole kwa tisheti kuukuu, hapo ndo utaona uchafu wa miaka. Weka nyuzi mpya, lakini usiweke saizi ile ile kila gitaa. Mimi moja lina 009 kwa ajili ya solo za kuvuta, moja 011 kwa ridhimu, na tofauti kati ya hayo mawili sasa hivi ni kubwa kuliko ilivyowahi kuwa kati ya yote saba.

Halafu shingo. Bonyeza uzi mnene freti (vile vyuma vya kwenye shingo) ya kwanza na freti ya mwisho kwa pamoja, chungulia katikati pale freti ya saba au ya nane, uone nafasi kidogo ya kupitisha karatasi mbili tatu za kuprintia. Ikiwa nafasi ni kubwa sana shingo imepinda mbele, chukua L-key, kaza ile fimbo ya chuma ya ndani ya shingo robo mzunguko tu, kisha liache lipumzike, kesho uangalie tena. Robo. Kuna mtu atakuja hapa chini kuandika kuwa alikaza mzunguko mzima akasikia kitu kimelia ka! ndani ya shingo, na huyo mtu ni rafiki yangu.

Kupima nyuzi ziko juu kiasi gani huhitaji kifaa cha fundi. Kadi ya benki ina unene wa milimita 0.76, kwa hiyo kadi mbili ukizibana pamoja ni kama milimita moja na nusu. Pitisha chini ya uzi mwembamba kwenye freti ya 12, bila kubonyeza kitu. Zikipita kwa kugusa gusa kwenye gitaa la umeme uko vizuri. Kwenye la sita langu zilipita kadi NNE na bado naona mwanga! Nilikuwa nalisema lile gitaa ni gumu, halifai, mpaka vidole vinauma, kumbe nilikuwa natakiwa kushusha vile viskrubu vidogo vya kwenye briji, pale nyuzi zinapokaa juu ya kifua cha gitaa, dakika kumi tu. Galatoni uliachie nafasi zaidi, na ujue masika mbao inakunywa unyevu, kifua kinavimba, nyuzi zinapanda zenyewe. Mwezi wa nne kila mwaka F310 yangu inakuwa ngumu, zamani nilidhani limechoka, nikawa natafuta jingine. Mwezi wa nane lenyewe linarudi.

Na lile la tatu ambalo halikai na tyuni, ambalo nililinunulia mbadala? Nati. Vile vijishimo vinavyopokea nyuzi pale juu karibu na kichwa, uzi ulikuwa unanasa mle ndani, ukikaza unabaki umekwama halafu katikati ya wimbo unaachia. Nilichukua penseli ya mtoto, ya kawaida ya shule, nikasugua ile nyeusi yake ndani ya vijishimo, nikarudisha nyuzi. Likakaa. Laki tatu na nusu niliyotoa kwa gitaa la nne ingenunua penseli za shule nzima.

Kingine ambacho naona aibu kukiandika, nilikuwa napiga miaka nane vitufe vyote vya gitaa vikiwa kwenye namba kumi. Sauti kumi, toni kumi, ukitaka kupunguza unapunguza kwenye amplifaya. Siku moja nikashusha sauti ya gitaa mpaka sita hivi, pikapu (kile kinasa sauti cha nyuzi) ya shingoni, nikaongeza amplifaya kufidia, nikapiga ridhimu ya dansi ya kizamani. Aisee! Ile sauti ya mviringo, isiyochoma masikio, niliyokuwa naitafuta kwa kuagiza pikapu kutoka nje, ilikuwa kwenye kitufe.

Nikaenda kumhadithia mjomba haya mambo. Mjomba wangu alipiga ridhimu miaka mingi kwenye bendi ya shirika moja la umma, na kwa vijana ambao hamjui, zamani mpiga gitaa wa bendi kubwa mara nyingi gitaa halikuwa lake. Ni vyombo vya bendi, na bendi ni ya chama au shirika au jeshi, kama NUTA Jazz ya mwaka 1964 ilivyokuwa ya chama cha wafanyakazi. Ukihama bendi unaondoka na vidole vyako tu, gitaa unaliacha anakuja kulipiga mwingine. Mjomba anakumbuka mpaka leo kwamba gitaa lake la bendi uzi wa pili ulikuwa unapiga kelele freti ya tisa, kwa hiyo solo ikimfikia yeye alikuwa anaikwepa ile noti kwa kuitafuta kwenye uzi wa tatu, na watu wakawa wanadhani ni staili.

Basi nikategemea mzee atanisifu, aseme vijana mnapenda vitu vingi. Wala. Akaniangalia akasema, saba? Mimi ningepata hela yako ningenunua ishirini, nimeteseka na ile freti ya tisa miaka kumi na moja. Tukacheka sana. Kwa hiyo msije mkaniambia wazee walikuwa na hekima ya kutosheka, hawakuwa na hela tu. Ila kitu kimoja sikukisema pale, yeye ile noti anajua iko wapi mpaka leo usingizini. Mimi la saba sijui hata freti yake ya tisa inalia vipi.

Mfano mwingine ninaoupenda ni Mwenda Jean Bosco, yule mpiga gitaa wa Katanga, Kongo, aliyeimba kwa Kiswahili cha kule. Hugh Tracey, mzungu aliyekuwa akizunguka Afrika kurekodi muziki, alimrekodi mwaka 1952, mtu mmoja, galatoni moja, dole gumba na kidole cha shahada, na ukisikiliza utaapa kuna watu wawili chumbani. Nimejaribu mapigo yake miezi mitatu kwenye F310, bado gumba langu halitaki kutembea peke yake. Hiyo ndo kazi ambayo hela haisaidii.

Na kama kiu yako ni sauti tofauti, jaribu hili kabla hujatoa laki sita. Kwenye muziki wa Kikongo kuna gitaa la katikati, kati ya solo na ridhimu, wanaliita mi-composé. Toa uzi wa nne, ule wa D, weka mahali pake uzi mwembamba, 010 au 011 ya kawaida, utyuni D hiyo hiyo lakini oktevu moja juu. Kodi unazozijua zote zinabaki pale pale ila zinalia kama kengele, kila kitu kinameta. Nimelifanyia hivyo gitaa la tatu na sasa kwenye bendi lina kazi yake, mpiga solo mwenyewe ananiuliza nimenunua lini. Uzi mmoja bana, hata seti sijafungua.

Kuna wakati kununua ni sahihi, sikatai. Huna besi na kikundi kinahitaji besi, nunua. Shingo imejiviringa kama kijiti cha jojo, hakuna fundi atakayeinyoosha, nunua. Lakini umesema mwenyewe manne yako "yapo tu", sasa la tano litakuwa na nini ambacho hayo hayana, zaidi ya rangi ya maziwa?

Yale manne yangu niliyatoa. Mawili niliuza kwa hasara, nilinunua kwa jumla ya laki tisa na ushee nikapata laki nne na nusu, nikakata mzizi. Moja nilimpa mdogo wangu badala ya chipsi kuku, ingawa anasema deni liko pale pale. La mwisho kati ya hayo manne ni lile la kijani. Kijana wa kwaya alikuja kuliomba tena kwa wiki moja ya mkutano wa injili, sasa hivi huu ni mwezi wa tano analo. Jumapili iliyopita nilikaa nyuma nikamsikia analipiga, amelifanya linalia vizuri kuliko siku ile ya rekodi, na mimi sijajua kama nikamdai au nikae kimya.