Pikipiki ya 1200 au 650 ya mtumba kwa safari za Dar–Songea? Yaliyonikuta mimi

Mkuu, umeuliza uchukue pikipiki ya cc 1200 ya shafti (chuma kinachozungusha gurudumu la nyuma badala ya cheni) au ya cc 650 ya cheni kwa safari za Dar–Songea, na zote ni mtumba. Mimi nilianza na kubwa. Niliipenda kwa macho: masanduku ya aluminiamu, kioo kirefu mbele, saa inasoma kilomita chache. Ikaja kunilaza Mikumi.

Saa kumi na mbili jioni, katikati ya hifadhi, taa ya mbele ikaanza kufifia. Nikajaribu honi, ikalia kama mbuzi mwenye mafua. Injini ikakata. Chuma cha zaidi ya kilo 250 na mizigo husukumi popote, na nyati wamesimama ng'ambo ya barabara wanakutazama. Dereva wa fuso alinihurumia, tukaipakia watu watano. Kumbe kilichokufa ni rektifaya, kidude cha kuchajia betri, cha ukubwa wa kiganja chenye mapezi. Kipuri nilikisubiri wiki tatu.

Siku ya kununua ningebeba mita ya umeme ya mafundi redio ningegundua palepale. Betri iliyopumzika isome volti 12.6 hivi. Washa, panda hadi mizunguko 4,000 kwa dakika, isome kati ya 13.5 na 14.5. Ikigoma kwenye 12, hakuna chaji. Ikipita 15, betri inapikwa.

Sasa nina Honda Transalp 650. Ni ya kabureta, tangi la lita 19, na tairi zake ni za tyubu. Wenye tyubulesi, tairi zisizo na tyubu, hunicheka, lakini kijiji gani kati ya Makambako na Songea hakina kijana wa kuziba tyubu? Tatizo ni tairi yenyewe ya mbele, inchi 21. Usisubiri iishe ndipo uanze kuitafuta, agiza mapema.

Ukienda kukagua, mwambie muuzaji asiiwashe kabla hujafika. Gusa injini kwanza. Ukiikuta ya moto, kuna kitu anaficha, mara nyingi ni kuwaka kwa shida asubuhi. Inua gurudumu la mbele, zungusha stelingi polepole: ikinasa katikati, beringi zimekwisha. Kwenye tairi soma tarakimu nne za mwisho baada ya DOT; 2314 ni wiki ya 23 ya mwaka 2014. Meno yanaweza kuwa marefu na raba imeshakauka kama kandambili iliyosahaulika juani. Kwa ile ya shafti, chungulia upande wa ndani wa rimu ya nyuma kama kuna oili. Saa ya kilomita mimi siiamini, natazama raba za kukanyagia zimelika kiasi gani.

Halafu kadi. Linganisha namba ya chasisi na ya injini kwa macho yako. Ukiuziwa ya mtalii aliyechoka na safari kwa bei ya kutupa, jua huenda iliingia kwa kibali cha muda na ushuru haujalipwa. Hiyo achana nayo hata kama ni mpya.

Ukibaki njia panda, tafuta rafiki mwenye 1200, maana muuzaji hatakubali uilaze yake. Ilazeni kwenye nyasi, kisha uinue peke yako. Mimi ile 1200 yangu niliilaza kwenye kokoto nje ya Njombe, nikakaa pembeni yake dakika arobaini nikingoja mtu apite.