Hela ya kurudi itenge kwanza: kwa kijana anayetaka kuifuata timu Dar

Wiki iliyopita kijana mmoja wa Urambo aliniandikia. Ameuza tumbaku yake, amebaki na akiba kidogo, na anataka kwenda Dar kwa mara ya kwanza kuiona Simba kwa macho. "Shikamoo mzee wangu," anasema, "nyinyi mlikuwa mnasafiri na timu tangu enzi za treni. Nijiandae vipi?" Marahaba mwanangu. Nakujibu hapa hadharani kwa sababu najua wengi mnaonisoma mna kiu hiyo hiyo.

La kwanza ni hela ya kurudi. Kabla ya jezi, kabla ya tiketi ya uwanjani, kabla hujamuaga mtu, hela ya kurudi iwe imetengwa, na ikae mahali ambapo mkono wako hauifikii kwa urahisi. Ngoja nikueleze nimelitoa wapi hili.

Sisi watu wa Tabora tumelelewa na reli. Wajerumani waliifikisha hapa 1912, Kigoma ikafika 1914, na kwa miaka mingi mtu akitaka kuona mpira mkubwa alikuwa anakwenda stesheni. Mjomba wangu alikwenda Mwanza Agosti 1974, ile fainali ya Simba na Yanga kwenye uwanja wa Nyamagana. Karibu kilomita 380 kwa treni, mashabiki wa Simba na wa Yanga behewa moja. Sisi Simba tulikuwa tunaongoza, Gibson Sembuli wa Yanga akasawazisha dakika za mwisho, na kwenye muda wa nyongeza Sunday Manara akatumaliza, 2-1. Mjomba akisimulia safari ile, bao la Manara alilipita haraka haraka. Stesheni za njiani, Bukene, Isaka na Malampaka, alizieleza jioni nzima.

Yangu ni ya 1993. Simba wamefika fainali ya Kombe la CAF, jambo ambalo hakuna klabu ya Tanzania iliyokuwa imelifanya. Abidjan tumetoka 0-0 na Stella ya Ivory Coast, marudiano ni Dar, Novemba 27. Televisheni huku Bara ilikuwa haijaanza, ITV ilikuja mwaka uliofuata. Ulikuwa unabaki na redio yako usikilize RTD, Radio Tanzania, au unapanda treni.

Aliyetuongoza alikuwa fundi cherehani wa Isevya, na mjue kabisa kwamba alikuwa Yanga wa damu. Alisema mwaka ule Simba ni ya Tanzania, na yeye hakai nyumbani. Siku mbili kabla ya kuondoka alipita kwa kila mmoja wetu akachukua nauli ya kurudi, akaishonea ndani ya bitana ya koti lake kwa mashine yake mwenyewe. Akasema koti hilo litafumuliwa Dar, stesheni, siku ya kurudi, na si kabla.

Mama zetu walitufungia matobolwa na michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, na kila mmoja alibeba asali ya kuwapelekea wenyeji wetu. Daraja la tatu lilijaa mpaka kwenye njia. Reli ni moja, kwa hiyo mnasimama kwenye stesheni ndogo kusubiri treni ya upande wa pili ipite, na mkisimama hapo ndipo mnapojuana. Nilikaa na mwalimu aliyepandia Kaliua, dereva wa lori kutoka Kigoma, na kijana wa Nguruka ambaye alikuwa hajawahi kuvuka Tabora. Tuliimba mpaka Itigi. Usiku treni ilipoteremka ule ukuta wa Bonde la Ufa kutoka Manyoni kwenda Saranda, breki zikilia, dereva wa lori akatueleza kila mlio una maana gani. Saranda tukanunua kuku, moto, wa kula kwa vidole. Kutoka Dodoma mpaka Dar sina la kusimulia, tulilala.

Dar kulikuwa na mtu aliyepokea hela zetu mapema ili atukatie tiketi za uwanjani. Hakuonekana. Mpaka leo sijui alikwenda wapi, na nikisema nimemsamehe nitakuwa naongopa. Tiketi zilizobaki zilikuwa kwa walanguzi. Baadhi ya wenzetu walimzonga fundi, wakamkunja shati, wanataka koti lifumuliwe. Akakataa. Akasema, "Mtaniua, lakini mtarudi kwa mama zenu." Ikabidi tutembeze asali Kariakoo, chupa kwa chupa, mpaka kila mmoja akapata ya kuingilia.

Uwanja wa Taifa, huu tunaouita Uhuru sasa, ulifurika. Rais Mwinyi alikuwepo. Mwameja golini, Masatu nyuma, Chumila na Malota Soma mbele yetu kabisa. Halafu Boli Zozo wa Stella akafunga. Akafunga tena. 0-2. Naandika haya zaidi ya miaka thelathini baadaye na kifua bado kinabana.

Fundi hakututania hata neno moja. Alitukusanya, akatuhesabu, akatupeleka stesheni, akachukua wembe akafumua bitana mbele yetu. Pale stesheni kulikuwa na watu wa mikoani wasio na senti, wameingiza nauli yote kwenye tiketi za walanguzi wakiamini kombe litabaki. Watu wazima, wamekaa chini, wanatazama treni ikipangwa. Tuliwagawia matobolwa yaliyobaki. Hatukuwa na kingine.

Kwa hiyo kijana wangu, safari ya kuifuata timu ipange kwa siku ya kufungwa. Ukishinda, kila mtu atakubeba, hata usiyemjua atakununulia soda. Ukifungwa ndiyo utajua ulisafiri na nani. Mtafute mwenzako kabla hujaitafuta mechi, na awe mtu anayeweza kukukatalia. Nawaona vijana siku hizi wanapata basi asubuhi, lami yote, wanafika Dodoma na kupanda SGR, treni mpya ya umeme, tangu ilipoanza 2024, halafu dakika ya 80 timu imefungwa wanatoka uwanjani wanaitukana. Umetoka mbali hivyo uje kuondoka kabla ya filimbi? Mpenzi wa timu anakaa. Anapiga makofi, anakwenda stesheni.

Umbali haukupunguzii upenzi. Julai 25, 2021 waliotoka Dar walionja ya kwetu, fainali ya Simba na Yanga ilipoletwa Uwanja wa Lake Tanganyika, Kigoma. Nilikuwepo. Watu waliochoka, wamevimba miguu, wanakula migebuka na kuniuliza huku mnaishije mbali hivi. Nikawaambia ndivyo tulivyowafuata nyinyi miaka yote. Kichwa cha Taddeo Lwanga kikatupa 1-0, na niliimba kama nilivyoimba kwenda Itigi. Sasa Kigoma wana Mashujaa kwenye Ligi Kuu, na timu ya Tabora nayo ilipanda msimu ule ule wa 2023/24. Vigogo wanakuja wenyewe. Bado nasema nenda, ukaione timu yako kwao.

Kwa ufupi wa safari yako: hela ya kurudi mpe mwenzako, yake uishike wewe. Tiketi ya uwanjani nunua mwenyewe kwenye kadi yako ya tiketi, usimpe mtu hela akununulie, hata awe ndugu. Chakula beba cha kwenda na cha kurudi.

Uliuliza pia kama umchukue mdogo wako wa darasa la saba. Mchukue, mradi wazazi wajue na nauli yake ya kurudi nayo itengwe. Siku ya mechi, kabla hamjaingia Uwanja wa Mkapa, mkubaliane mahali pa kukutana nje ya geti, kwa sababu watu wakishakuwa wengi pale simu hazishiki.