Kupima sabufa ya bei nafuu kabla hujatoa hela

Ile namba kubwa kwenye boksi, wati 8,000 PMPO au 12,000 PMPO, achana nayo. PMPO, yaani nguvu ya kilele ya muda mfupi sana, haina kiwango rasmi cha upimaji, kwa hiyo kila kiwanda huandika kinachokipendeza. Soketi ya ampea 13 kwa umeme wa volti 230 inatoa wati 3,000 hivi na si zaidi. Hizo nyingine zitoke wapi? Geuza sabufa nyuma, usome kibandiko cha matumizi ya umeme. Ukikuta wati 40 au 60, hapo umeanza kusoma ukweli. Sabufa nyingi za bei ya chini zikifunguliwa utakuta ndani IC (chipu ya kukuza sauti) ya TDA2030, ambayo hata ikilishwa vizuri hutoa wati 14 hadi 18 kwenye spika ya omu 4. Hilo lisikutishe. Wati 20 za kweli zinaijaza sebule ya kawaida, na IC hiyo ikiungua fundi yeyote wa redio anaijua.

Kipimo cha masafa (Hz, yaani mitetemo kwa sekunde; namba ndogo ndiyo besi) nacho kina ujanja wake. Maandishi ya "20 Hz – 20 kHz" yasiyotaja ni kwa tofauti ya desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) ngapi hayakuambii kitu. Kushuka kutoka 80 Hz hadi 40 Hz kwa sauti ileile, koni (ile sehemu ya spika inayotetemeka) inatakiwa isogee mara nne zaidi. Spika ya inchi 5 ndani ya boksi dogo haina nafasi hiyo, hata ipewe umeme kiasi gani.

Kwa hiyo nenda dukani, iwe Kariakoo, Dar es Salaam, au Luthuli Avenue, Nairobi, na vitu viwili: simu yenye programu ya kutoa toni, yaani mlio mmoja wa masafa unayochagua (za bure zipo nyingi), na waya wa AUX wenye vichwa vya RCA (vile viwili, chekundu na cheupe) upande wa pili. Bluetooth iache kwanza, maana inaweza kuficha kasoro za njia ya waya. Omba sabufa ishushwe sakafuni, isipimwe ikiwa juu ya rafu katikati ya nyingine kumi, kwa sababu rafu yenyewe italia. Besi na trebo ziweke katikati, sauti iwe theluthi moja, kisha piga toni ya 100 Hz, 80, 60, 50, na mwisho 40. Kila toni sekunde tatu au nne zinatosha. Toni mfululizo kwa sauti kubwa huchemsha koili (waya uliozungushwa nyuma ya koni) na kuiunguza.

Sauti kupungua kadiri unavyoshuka ni kawaida, hata sikio letu ni zito huko chini. Cha kutilia shaka ni toni moja, mara nyingi kati ya 80 na 100, kuruka juu ghafla kuliko nyingine. Sabufa ya namna hiyo itapiga "bum" moja kwa kila wimbo. Spika ya inchi 8 iendelee kusikika vizuri hadi 50 Hz. Ukifika 40 Hz, ambayo ni karibu sawa na waya mnene wa gitaa la besi ukipigwa bila kubonyezwa (41 Hz), sikiliza kwa makini: sabufa dhaifu haikai kimya, inatoa sauti nyingine ya juu zaidi, 80 au 120 Hz, kwa sababu koni imelemewa. Wauzaji huiita hiyo "besi nzito". Ni uchafu wa sauti.

Baada ya toni weka rumba ya Kongo yenye gitaa la besi linalotembea. Noti zote zisikike kwa nguvu inayokaribiana. Weka kiganja mbele ya tundu la hewa. Upepo utausikia mkononi, lakini ukisikia unapuliza kwa sauti juu ya muziki, tundu ni jembamba mno. Gonga ubavu wa boksi kwa kifundo cha kidole: mlio mkavu na mfupi ndio unaoutaka, si wa debe.

Kisha chomoa waya wa AUX, pandisha sauti hadi mwisho, simama mita moja. Mvumo ukisikika wazi, iache hapohapo dukani. Ukianza nyumbani tu baada ya kuunganisha TV, chomoa waya wa antena au dishi. Ukikatika, tatizo linaingilia huko. Usikate waya wa eathi kwenye plagi ili kuuondoa.

Kwa sabufa ya mtumba, zima umeme, sukuma koni katikati taratibu kwa vidole vya mikono miwili. Mkwaruzo maana yake koili inagusa sumaku. Bonyeza pia ukingo wa sponji unaoizunguka. Ukimeguka, utabadilishwa karibuni.

Nyumbani, kama ina swichi ya kukata masafa (inayoamua sabufa iishie Hz ngapi kwenda juu), anza na 120 Hz kwa spika ndogo za inchi 3 au 4, na 80 Hz kwa za inchi 6. Msoma habari akisikika anaongea kutoka chini ya kabati, umekata juu mno. Swichi ya fezi (inayogeuza koni isukume au ivute pamoja na spika nyingine), 0 au 180: piga toni ya 80 Hz, mtu aibadilishe wewe ukiwa umekaa kwenye kochi, chagua upande wenye sauti kubwa. Wimbi la 50 Hz lina urefu wa karibu mita 7, ndiyo maana kwenye sebule ya mita 4 yenye kuta za tofali besi hufurika konani na kupotea katikati. Njia rahisi ni kuiweka sabufa juu ya kochi unalokalia, upige muziki, wewe uchuchumae ukizunguka chumba. Mahali besi inaposikika sawasawa, iweke hapo.

Kwa anayeletewa na ndugu kutoka Marekani: Polk PSW10, ya inchi 10 na wati 50 za RMS (nguvu ya kudumu), ni nzuri kwa kuanzia, lakini toleo la kule ni la volti 120. Ukiichomeka moja kwa moja kwenye umeme wetu inaungua. Tafuta transfoma ya kushusha ya VA 300 (kipimo cha uwezo wake, karibu sawa na wati) au zaidi, na uiweke mbali na waya wa RCA, la sivyo itavuma.