Nilivyompatia Mama Mtaalamu wa Fiziotherapia Anayepokea Bima ya Umma

Mama aliruhusiwa kutoka hospitali baada ya kiharusi, mkono na mguu wa kulia ukiwa bado mzito, nami nimeshika karatasi yenye maneno matatu: "aendelee na fiziotherapia", yaani tiba ya viungo. Wapi, kwa nani, mara ngapi, haikusema. Wiki tatu zilipotea nikitafuta, na mpaka leo zinaniuma, maana miezi ya mwanzo baada ya kiharusi ndiyo ambayo mwili hurudisha uwezo wake kwa kasi zaidi.

Kosa langu lilikuwa kwenye swali. Nilipiga simu huku na kule nikiuliza, "Mnapokea bima ya umma?" Wakaniambia ndiyo. Tukafika na Mama kwenye kiti cha magurudumu, tukaambiwa bima ni ya kumwona daktari, vipimo na dawa. Fiziotherapia ni fedha taslimu. Kumbe mkataba wa kituo na mfuko wa bima unaweza kuhusu idara moja tu, au tawi moja tu. Tulirudi nyumbani kimya, Mama amechoka hadi anashindwa kula.

Tangu siku hiyo nauliza hivi: "Bima yangu inalipia fiziotherapia hapo kwenu, tawi hilo hilo? Mnapokea wagonjwa wapya? Nafasi ya kwanza ni lini? Yupo anayewahudumia waliopata kiharusi?" Badala ya kiharusi, wewe taja tatizo lako, kwa sababu anayeshughulika zaidi na magoti ya wanamichezo huenda asiwe wa kumfundisha mtu kutembea upya.

Mfuko wenyewe nao upigiwe, namba ya uanachama ikiwa mkononi. Uliza vipindi vingapi vinalipiwa, utachangia kiasi gani, na kama kibali kinatakiwa kabla ya kuanza. Andika tarehe na jina la aliyekujibu. Orodha ya watoa huduma wanayokupa itumie kama pa kuanzia tu. Kwenye ile niliyopewa mimi, wawili walikuwa wameshahama.

Kilichonisaidia kweli ni kurudi wodini. Nilimtafuta mtaalamu wa viungo aliyemkalisha Mama kitandani kwa mara ya kwanza, nikamwuliza yeye angempeleka mama yake wapi kwa bima hii. Watu wa fani moja wanajuana. Alinitajia kituo kidogo karibu na kwetu ambacho nilikuwa nakipita kila siku.

Hapo tena tukakwama kidogo, barua ya rufaa ya daktari ikarudishwa kwa kuwa haikutaja ugonjwa. Mwombe daktari aandike yote: ugonjwa, upande ulioathirika, lengo la tiba na idadi ya vipindi anayopendekeza.

Umbali usiudharau. Daktari unaweza kumwona mara moja ukamaliza, lakini tiba ya viungo ni kwenda na kurudi, kwetu mara mbili kwa wiki kwa miezi. Kati ya bingwa wa mbali na mtaalamu mzuri wa karibu, mimi namchagua wa karibu bila kusita, mradi amesajiliwa na baraza la taaluma yake. Mkandaji, hata awe na mikono mizuri namna gani, si mtaalamu wa fiziotherapia. Uliza pia kama mlangoni kuna ngazi. Hili hakuna atakayekuambia mpaka ufike.

Ukiwekwa kwenye foleni, omba upigiwe simu mgonjwa mwingine akiahirisha; ndivyo Mama alivyoanza mapema. Na mnaposubiri, tafadhali msimwinue mgonjwa kwa kuvuta mkono uliopooza. Misuli inayolishikilia bega imelegea, na kiungo huteguka kwa urahisi. Mshikeni kiunoni, kama mlivyoonyeshwa wodini.

Vipindi navyo huisha upesi kuliko unavyodhani. Mfuko wetu ulitaka ushahidi wa maendeleo kabla ya kuongeza vingine, kwa hiyo nilimwomba mtaalamu apime tangu siku ya kwanza: hatua ngapi bila kushikwa, sekunde ngapi amesimama. Mama alikuwa ameidhinishiwa vipindi 10. Ripoti tuliipeleka kwenye kipindi cha 7, na kibali kipya kikafika siku mbili kabla ya kipindi cha mwisho.