Kabla Hujaongeza Klorini: Kwa Mnaoanza Kazi ya Maji ya Kupoozea Mitambo

Wadogo zangu mnaokuja kuanza kazi kwenye mitambo ya umeme na ya kuondoa chumvi huku pwani ya Oman, kitu cha kwanza mtakachoonyeshwa ni pampu ya klorini, dawa ya kuua viumbe wanaoota ndani ya mabomba ya maji ya bahari. Mimi ningependa muanzie kwenye kondensa, chombo chenye mirija ambamo maji ya bahari hupoza mvuke wa mtambo, siku ikifunguliwa kwa matengenezo.

Ingiza kidole kwenye mdomo wa mrija mmoja. Kwa macho utauona msafi kabisa, lakini kidole kitateleza, na ukikisugua na gumba utasikia ute mwembamba usio na rangi. Huo ni utando wa bakteria. Chaza na kome huogopwa kwa sababu wanaonekana, na kweli wakibanduka wanaweza kuziba mirija, ila ute huu ndio unaokula umeme kila siku bila kelele. Sehemu yake kubwa ni maji yaliyotuama, na maji ya namna hiyo hupitisha joto kidogo mno kuliko mchanganyiko wa shaba na nikeli uliotengenezea mirija: ni kama 1 kwa 80. Joto likikwama, ombwe la kondensa (hali ya kukosa hewa inayousaidia mvuke kuzungusha mtambo) linapungua, na mtambo unachoma gesi nyingi zaidi kutoa umeme uleule.

Kwa hiyo msikubali mtu awaambie kwamba kuacha kutibu maji ni kuyahurumia mazingira. Hewa ukaa inayotoka kwa uzembe huo ni uchafuzi halisi. Vilevile msikubali kwamba kuongeza dawa ni usalama, kwa sababu dawa hiyo haiishii ndani ya mabomba.

Maji ya bahari yana bromidi, takriban miligramu 65 kwa lita. Klorini ikiingia humo hugeuka haraka kuwa bromini inayofanya kazi, ndiyo inayoua. Inapokutana na mabaki ya viumbe yaliyomo majini hutengeneza kemikali iitwayo bromofomu na ndugu zake. Mkondo unaotoka mtamboni hauna sumu moja tu: una mabaki ya klorini, una bromofomu, una joto. Ng'ambo ya Seeb na Barka viko visiwa vya Daymaniyat, hifadhi tangu 1996, yenye matumbawe na kasa wanaopanda kutaga. Wavuvi nao wanatupa nyavu kwenye pwani hiyohiyo. Mimi kila ninapoidhinisha kipimo kuongezwa huwa nawafikiria hao, na ninawaomba nanyi muwafikirie.

Mjue mdudu kabla ya dawa. Chukueni kome hai, muwatie kwenye ndoo mbili za maji ya bahari, moja mtie klorini kidogo, kisha mtulie mwangalie. Wa ndoo ya klorini watafunga magamba. Kome anaweza kukaa amejifunga siku kadhaa, akingoja maji yatulie. Sasa fikiria mtambo unaopiga dozi kubwa nusu saa kwa siku: bakteria wanapungua, kome anafunga mlango, dawa inapita, anafungua na kuendelea kula. Baharini umemwaga sumu, na kome wako bado yupo. Wahandisi wa Uholanzi waliitumia tabia hiyohiyo dhidi yake: klorini kwa dakika chache, kisha pumziko fupi, tena na tena, ili kome afunge na kufungua mpaka achoke. Kwa mpango mzuri, klorini inayotumika kwa jumla huwa pungufu kuliko ya kumimina mfululizo.

Kwenye mitambo ya membreni, yaani inayoondoa chumvi kwa kusukuma maji kupitia utando mwembamba, hesabu inageuka kabisa, na hapa wageni wengi hukosea. Membreni za poliamaidi (aina ya plastiki) haziivumilii klorini, basi tunaitia mwanzoni na kuiondoa kwa kemikali ya sodiamu baisulfaiti kabla maji hayajazifikia. Lakini klorini imeshayavunjavunja mabaki makubwa ya viumbe kuwa vipande vidogo, chakula rahisi kwa bakteria walionusurika. Wanashibia palepale juu ya membreni. Mitambo kadhaa ya Ghuba ilipoacha klorini ya mfululizo na kutia kwa vipindi, membreni zilichelewa zaidi kuchafuka.

Maji mekundu ya 2008 na 2009 ni somo lingine. Mwani wa Cochlodinium ulifunika Ghuba ya Oman na Ghuba ya Uajemi kwa miezi, samaki wakafa, mitambo ya maji ikafungwa. Mwani ukifika mlangoni mwenu, msikimbilie kuongeza klorini: seli zinapasuka na kumwaga vilivyomo ndani yake, na vichujio vinazidiwa.

Njia zisizo na dawa zipo, nazo zitumike kwanza. Machujio yasafishwe kwa wakati. Mwendo wa maji usishuke, maana mabuu wa kome hushindwa kushika pale maji yanapokimbia karibu mita 2 kwa sekunde. Mipira ya sponji inayozungushwa ndani ya mirija hufuta ute mtambo ukiendelea kufanya kazi. Ihesabuni, kwa sababu inayopotea huishia baharini.

Shaba yenyewe huwafukuza viumbe, lakini huvuja kidogo kidogo kwenda majini. Mirija ya metali ya titani haivuji shaba, ila ute unaipenda, na usipokuwa na mipira utalazimika kuongeza klorini.

Mwongozo wa Benki ya Dunia wa 2008 kwa mitambo ya umeme unataka mabaki ya klorini kwenye maji yanayotoka yasizidi miligramu 0.2 kwa lita. Mipimo hiyo ifanyeni wenyewe, pale pale kwenye mkondo wa kutokea, ndani ya dakika chache. Klorini hupotea ndani ya chupa, na chupa iliyokaa juani kwenye gari mpaka maabara itawapa namba nzuri isiyo ya kweli.