Ziwa Si Bahari: Kumtunza Kaa wa Kombe Ukiwa Mwanza

Miaka minne iliyopita mdogo wangu alirudi kutoka Dar es Salaam kwa basi akiwa na ndoo ndogo yenye mfuniko uliotobolewa, na ndani yake walikuwamo kaa watatu wa nchi kavu, wale ambao huficha sehemu laini ya mwili wao ndani ya kombe tupu la konokono na kulibeba popote waendapo. Nilidhani kwamba kwetu Bwiru, ambako ziwa tunaliona tukiwa dirishani, viumbe hawa hawatakosa kitu. Katika miezi mitatu walikufa wawili, mmoja kwa ajili ya hewa na mwingine kwa mkono wangu, na ndiyo maana naandika.

Kaa huyu ni mwenyeji wa pwani ya bahari. Anahitaji maji ya aina mbili kila siku, matamu na ya bahari, kwa sababu huyanywa na pia huyahifadhi kidogo ndani ya kombe lake ili kulowesha mwili. Ziwa Victoria litampa aina moja tu. Usijaribu kutengeneza bahari kwa chumvi ya jikoni, kwa kuwa chumvi hiyo imetiwa madini joto na haina madini mengine ambayo maji ya bahari huwa nayo. Mimi hutumia chumvi maalumu ya matangi ya samaki wa baharini, takriban gramu 35 kwa lita moja ya maji, na ikiniishia mdogo wangu hunitumia dumu la maji ya bahari yaliyochotwa mbali na mifereji ya mji. Maji ya bomba huyaacha kwanza katika beseni wazi usiku na mchana, dawa yake itoke. Maji ya ziwa sitii tangini bila kuyachemsha, hasa kwa kuwa watoto ndio wanaoosha vibakuli, na kichocho tunakifahamu. Kila kibakuli kiwe na kina cha kumwezesha kaa kuzama, pamoja na mawe ya kupandia, kwani asipoweza kutoka atakufa maji.

Sasa hewa. Kaa wa nchi kavu bado hupumua kwa matamvua, na matamvua hufanya kazi yakiwa na unyevu tu. Mimi niliwaweka watatu hao katika beseni la plastiki lililofunikwa kwa chandarua, upepo mkavu wa Julai ukipita juu yake mchana kutwa, na wa kwanza alilegea polepole kwa wiki kadhaa mpaka akatoka mwenyewe katika kombe lake akafa. Hakuwa na njaa wala kiu. Alikuwa anakosa pumzi, nami sikulijua hilo. Tumia tangi la kioo lenye mfuniko wa kioo, na ununue kipima unyevu, kisha uhakikishe kinasoma kati ya asilimia 75 na 85. Joto liwe nyuzi 24 hadi 28. Mwanza iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa Juni na Julai hushuka chini ya nyuzi 20, kwa hiyo nimebandika pedi ya joto ubavuni mwa tangi, juu ya usawa wa mchanga. Tangi lisikae juani, kwa maana kioo hupata moto upesi.

Jambo linalowaponza wengi ni kujivua gamba. Ili akue, kaa huchimba akajizika, akavua gamba lake la zamani na kulila ili arudishe madini mwilini, na muda wote huo mwili wake ni mlaini mno. Wa pili alipopotea mchangani nilisubiri siku kumi, kisha nikamfukua nikiamini amekufa. Nilimkuta mweupe, akitikisa mguu mmoja. Siku mbili baadaye alikufa kweli. Kaa mdogo huweza kukaa chini kwa mwezi au miwili, na mkubwa zaidi ya hapo. Harufu kali ya uozo ndiyo dalili ya kifo. Kama haipo, usiguse. Mchanga uwe na kina kisichopungua sentimita 15, au mara tatu ya kimo cha kaa mkubwa kuliko wote. Wangu ni wa ufukweni mwa ziwa, niliouosha na kuuchemsha, nikachanganya sehemu tano zake na sehemu moja ya makumbi ya nazi yaliyochambuliwa. Ukiufinyanga ushikane bila kuchuruzika maji.

Katika chakula Mwanza imebarikiwa. Dagaa wa soko la samaki la Mwaloni Kirumba, wasiotiwa chumvi na waliooshwa vizuri, humfaa sana, pamoja na maganda ya mayai yaliyosagwa, nazi, papai, mchicha na majani makavu. Masalio yaondolewe kila asubuhi.

Mwekee makombe matupu yaliyochemshwa, makubwa kidogo kuliko lile analolivaa. Hata ya konokono wakubwa wa shambani yanafaa. Usimvute kamwe atoke katika kombe lake, maana hukubali kuraruka kuliko kuachia. Dawa ya mbu ya kupuliza isitumike katika chumba hicho.

Sijamwomba mdogo wangu alete wengine. Mabuu yao hukulia baharini, hivyo takriban kila kaa aliyemo nyumbani kwa mtu ameokotwa ufukweni, na huko huweza kuishi zaidi ya miaka 30. Lakini hawapendi upweke, kwa hiyo familia moja ya Nyegezi ilipohama na kutafuta mtu wa kumwachia kaa wao, nilimpokea. Ukimchoka wako, mtafutie mlezi kama walivyofanya wao. Ukimwachia ziwani hataishi.

Yule aliyesalia kati ya wale watatu amejizika tena, na hii ni wiki ya tisa. Kila jioni nakagua kipima unyevu, nabadilisha maji, nanusa mchanga, kisha narudisha mfuniko.